Picha Arobaini za Mbawakawa

Mama ndiye aliyemfundisha. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye, maana angejifunzia mtaani, angepatikana wa kulaumiwa.

Binti yake, waliyemzoea kwa jina la Kijino kwa sababu ya jino la mbele lililovunjika ncha, alikuwa akifanya kazi kwenye duka la kuchapisha picha. Hukohuko alijipatia kamera kuukuu na lenzi moja ya kukuzia vitu vidogo. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, wadudu wakiwa bado wazito kwa umande, alitoka uani akachuchumaa kwenye maua. Sisimizi, nyuki, buibui wa ukubwa wa punje ya mchele, hakuna aliyemdharau. Lakini picha zilitoka na ukungu. Mkono ulitetemeka, na pumzi yake ilitikisa ua au kumfukuza mdudu.

Mama alikuwa fundi cherehani, na dirisha lake lilitazama uani. Alimcheka.

"Unahema kama mbuzi aliyekimbizwa. Hebu tazama huku." Akashika sindano, akalamba uzi, akatulia tuli, uzi ukapenya. "Umeona? Bana pumzi. Mkono wenyewe utatii."

Kijino akabana pumzi. Jioni ile alimwonyesha mama kwenye kompyuta uso wa inzi mkubwa kama sinia, kila unywele umesimama peke yake. Mama alifurahi mpaka akamwita wifi yake, muuguzi aliyekaa nyumba ya pili, naye aje aone.

"Wifi, mabinti wa wenzio wanapiga picha na wachumba," wifi alisema. "Wako kapiga na inzi."

"Huyu angalau ana macho elfu ya kunitazama, shangazi."

"Basi atakuchoka mara elfu."

Wakacheka wote watatu. Laiti mambo yangeishia pale.

Baada ya muda picha moja haikumtosha. Alimweleza mama kwamba mdudu akikuzwa namna ile, huonekana vizuri kijisehemu tu, pengine pua bila macho. Kwa hiyo lazima umpige picha arobaini, kila moja ukisogeza kamera mbele kiasi cha unywele, halafu kompyuta inaziunganisha zote ziwe moja. Mdudu akishtuka katikati, kazi yote bure. Na Kijino alikuwa amejiapiza kwamba hatapumua mpaka arobaini ziishe.

Mama alimpima kwa kazi ya mikono yake. Mwanzoni pumzi ya binti ilidumu upande mmoja wa mfuko wa shati. Kisha mfuko mzima. Kisha mifuko miwili. Siku moja mama alimaliza kola, akakata uzi, akainua macho na kukuta mabega ya mwanawe hayajapanda bado. Sisimizi alikuwa akikatiza juu ya jicho lake lililo wazi. Kope haikupepesa.

"Kijino."

Kamera ikapiga nyingine.

"Kijino, mama, naongea na wewe."

Mabega yakapanda. "Umeniharibia ya thelathini na nane."

"Ulikuwa hupumui."

"Si ulinifundisha mwenyewe?"

Mama akaenda kumwita wifi. Wifi alikuja na vifaa vyake, akamsikiliza kifua, akasema mapafu ni mazima kama ya mpiga tarumbeta, amwache mtoto na starehe yake. Angalau hajui pombe. Ndivyo tunavyodanganyana sisi wazazi. Mtoto akipiga kelele tunamkimbilia, akitulia tunashukuru.

Halafu akaja mbawakawa.

Kijino alikuwa kazini, kompyuta ameiacha wazi. Mama akaketi, akazipitia picha moja moja. Mdudu mweusi, mgongo unang'aa kama sufuria mpya, na ua wote umo ndani yake: ukuta, kamba ya nguo, dirisha na mama mwenyewe ameinamia cherehani, kamera kwenye miguu yake mitatu, na Kijino juu ya kigoda nyuma ya kamera. Ya kwanza ilikuwa hivyo, na ya kumi hivyohivyo. Kwenye ya kumi na tano Kijino alikuwa amepauka kama pazia lililopigwa jua miaka mingi. Kwenye ya ishirini kigoda kilikuwa kitupu. Kamera ipo, dirisha lipo, mama yupo. Mpaka kwenye ya thelathini na tisa ndipo kando ya ukuta palipoonekana kitu kama punje, kinarudi.

Wifi aliitwa. Alikuja na utani mdomoni, utani ukamkauka.

"Labda aliinuka kunywa maji."

"Nilikuwa dirishani, wifi. Hakuinuka."

Wifi akanyoosha mkono. Aliifunga kompyuta kwa kiganja, polepole, kama afunikavyo uso wa mgonjwa aliyemfia mikononi.

Kijino aliporudi, mama alimuuliza bila kuzunguka. "Huwa unakwenda wapi?"

Hakujifanya hajaelewa. "Siendi. Natulia tu. Ukitulia sana, unakuta umeshafika."

"Huko kuna nini?"

"Hakuna kinachotikisika." Alisema kama anayesifia nyumba mpya.

"Kesho usipige, mwanangu."

"Mara moja tu. Nikipata arobaini safi, naacha."

Mama alifikiria kuificha kamera. Hakuificha. Aliogopa ugomvi na mtu mzima mwenye kazi yake. Ugomvi wenyewe ungekuwa wa siku mbili tu.

Asubuhi alimkuta juu ya kigoda. Kamera ilikuwa ikipiga yenyewe, tik, tik. Buibui alikuwa ametanda uzi kutoka sikioni mwa Kijino hadi kwenye shina la ua, na umande umeshajipanga juu ya uzi ule. Mama alijua umande haujipangi kwa dakika moja. Alimshika bega, akamtikisa, akamwita. Bega lilikuwa la baridi na halikuitika.

Akatazama kioo cha kamera. Kwenye mgongo wa mbawakawa aliyetulia juu ya jani alijiona yeye amesimama kando ya kigoda kitupu, mkono umeshika hewa. Mbali, penye ukuta, ilikuwapo ile punje.

Mbawakawa akainua mguu mmoja. Gamba likafunguka kidogo. Mama akaelewa kwamba mdudu akiruka, ataruka na njia ya kurudi. Na pumzi ndiyo huwafukuza.

Akajiziba mdomo. Akazunguka nyuma ya binti, akaweka midomo sikioni mwake, mbali na ua, akaanza kuhema kwa sauti kama alivyokuwa akimhemea utotoni kifua kilipombana.

"Uzi ukishapita, unatoa pumzi," alinong'ona. "Hilo sikukwambia. Kosa ni langu. Toa, mama."

Akahema. Punje ikaachana na ukuta. Akahema tena, ikapata miguu. Ikafika kwenye kamba ya nguo, ikainama kuipita. Kutoka pale mpaka kigodani ni hatua tatu.

Mbawakawa akaruka.

Kioo kikabaki na jani tupu. Kijino akakohoa, uzi wa buibui ukakatika, mabega yakapanda na kushuka.

"Mama, mbona unanihemea sikioni?"

Tangu siku ile hajaigusa kamera. Anakula, anakwenda kazini, anapumua. Wifi amempima mara nne na kila mara anasema mzima. Lakini akitupiwa utani, Kijino hucheka wenzake wakiwa wameshanyamaza, kama aliyeusikia kutoka kule penye kamba ya nguo. Na mama huacha cherehani katikati ya mshono, humwita bila sababu, kisha hungoja.

"Kijino, upo?"

Anamtazama. Midomo imeshatamka, sauti bado iko njiani.

"Nipo, mama."