Kiti cha Papa Mwamba

Kila Alhamisi saa tatu asubuhi Alphonsine anavua viatu mlangoni kwa Monsieur Florent, kule mtaa wa Ganshoren, anavaa sapatu, anaanza kupaka mafuta silaha za mzee, kwanza panga. Kitambaa chake ni kipande cha pagne, kitenge cha zamani, mafuta ni ya cherehani. Namba moja hadi kumi ni panga za kushika kwa mikono miwili. Kumi na moja hadi ishirini na tano ni visu na majambia. Baada ya hapo yanakuja marungu yenye miba, mashoka ya mpini mrefu, rungu moja la mnyororo, na mwisho kabisa namba arobaini na tatu, kichwa cha mshale kisichozidi kidole gumba. Zote zimefuliwa kwa mkono kwa mfano wa silaha za zama za kati, na hakuna hata moja iliyomzidi Alphonsine umri. Yeye ana miaka ishirini na sita.

Monsieur Florent alikuwa daktari wa meno. Alipostaafu alisema amechoka na vyuma vidogo.

Mwezi wa tatu Alphonsine aliona kwamba silaha zinageuka. Alikuwa amezilaza zikitazama mlango, akazikuta zinatazama dirisha. Wiki iliyofuata alikuja na penseli, akaweka alama ndogo kwenye mbao. Saa tatu zilikuwa zinaelekea upande wa mfereji, mtaa wa Molenbeek. Saa sita zilisogea kidogo, kama mtu aliyetoka kununua mkate, na saa saba zikarudi. Jumatano moja aliyoitwa kufuta madirisha, saa kumi zilihama polepole mpaka upande wa stesheni ya Gare du Nord, zikatulia dakika kumi, halafu zikaanza kurudi. Alphonsine akaelewa kwamba zinamfuata mtu, na kwamba mtu huyo ana saa yake ya kula na ana mtu wa kupokea kwenye treni.

Alimweleza Monsieur Florent. Monsieur Florent akasema na yeye ameona, ila alidhani ni chauffage, ile mitambo ya kupasha nyumba joto. Alikuwa amekwisha kukaza skrubu zake mara mbili. Alphonsine akaomba aende na namba arobaini na tatu akamtafute huyo mtu. Mzee akakubali, akaandika kwenye daftari lake: imetoka kutembea.

Ndani ya metro kichwa cha mshale kilimvuta mfuko wa koti kama mtoto mwenye mkojo. Kituo alichozoea kushuka kikapita, maana mshale haukutaka. Alishuka pale ulipotaka, akavuka mfereji, akapita mbele ya duka la matairi, akaingia uani. Huko nyuma nyundo ilikuwa inagonga.

Mwanaume wa miaka kama sitini, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, aliinua kichwa.

"Jambo, papa."

"Jambo, mama. Kama ni grille ya dirisha, ni kwa nyumba ya pili."

Kichwa cha mshale kilitoka mfukoni kwa Alphonsine, kikapita juu ya fuawe, kikaingia kwenye mfuko wa aproni ya yule mzee. Mzee akakitoa, akakigeuza kwenye mwanga.

"Umekonda," akakiambia. Kisha akamtazama Alphonsine. "Munaisugua sana."

Alikuwa anaitwa papa Mwamba. Zamani alikuwa fundi kwenye karakana ya reli, kwao Likasi, na hapa Molenbeek alikuwa amemaliza miaka kumi na moja akifua vyuma kwa Mathieu. Karakana hii ilikuwa ya Mathieu. Jumamosi Mathieu alivaa joho la velveti, akasimama kwenye masoko ya mambo ya kale, akauza panga na kusema amezifua yeye. Kwenye kidole cha shahada ana kovu la kuungua, na wateja anawaonyesha kovu hilo. Ni la mashine ya kuokea keki za gaufre.

Alphonsine alikaa juu ya ndoo, akaeleza ya Ganshoren, akauliza kwa nini silaha zinamfuata papa. Papa Mwamba aliendelea kupiga tupa huku anamjibu. Kwao, babu yake alikuwa anafua majembe, na jembe halikutoka mikononi mwa babu kabla ya kutajiwa jina la mtu atakayelima nalo. Ambalo halikutajiwa lilikuwa linamkata mtu kidole cha mguu, si kwa ubaya, ni kwa kutokujua.

"Sasa Mathieu haniambiaka jina ya client hata moja," papa akasema. "Anaogopa nitaenda kubauzia miye mwenyewe. Ningefanya nini? Kuiacha bila jina? Nikaiambia yangu. Nilikosa, najua."

"Na uliziambia nini ingine?"

"Heshima kidogo. Mutoto bila heshima, utasema ni mutoto wa nani?"

Halafu akauliza, bila kumtazama, kule Ganshoren kwenye karatasi wameandika jina la nani. Alphonsine akamwambia: Mathieu. Papa Mwamba akapuliza unga wa chuma mezani, akasema ndivyo alivyofikiri.

Angeacha kazi mwezi wa kumi na mbili kwa sababu ya macho. Binti yake Océane, wa miaka kumi na tano, ndiye aliyekuwa anashuka treni Jumatano, na tangu utoto alijua kwamba baba yake anatengeneza grille za madirisha, maana Mathieu alikuwa amemkataza papa kusema kingine. Kabla nyundo haijawekwa chini papa Mwamba alitaka kitu kimoja, mtoto wake alisome jina lake mara moja, limepigwa chapa, chini ya upanga. Hata upanga mmoja. Hata ule mbaya wa mwaka wa kwanza.

Alphonsine alimpelekea Monsieur Florent ombi hilo pamoja na mshale. Monsieur Florent alikuwa mtu wa haki, na alijibu kama mtu wa haki. Alisema jina haliandikwi bila ushahidi. Mwezi wa kumi angeonyesha mkusanyiko wake wote kwenye ukumbi wa kukodi karibu na kwake, na papa huyo akaribie, tuone.

Siku ilifika, Jumamosi, saa nane mchana. Kulikuwa na watu kama themanini, keki na juisi. Kila silaha ilikuwa imelazwa kwenye kitambaa chekundu, na mbele yake kibao kidogo cha shaba chenye namba na jina la Mathieu. Mathieu mwenyewe alikuwa kwenye viti vya mbele, ndani ya velveti yake, na kiti chake kilikuwa na karatasi yenye jina.

Papa Mwamba alikuja na suti ya kwaya. Océane alikuwa nyuma yake, na muziki kwenye sikio moja.

Papa alipovuka kizingiti, silaha arobaini na tatu ziliamka. Zilisimama wima juu ya mipini yao, kama darasa mwalimu anapoingia. Rungu la mnyororo lilipata shida, kwa vile halina mgongo, na upanga wa jirani ukaliegemeza. Mshale ulisimama kwenye ncha yake.

Mwanamke mmoja aliuliza kama zinafanya hivyo kila saa. Baba mmoja alimvuta mtoto wake nyuma hatua mbili, akaendelea kusoma kibao. Mlinzi wa ukumbi akaleta kamba, akazizungushia. Mathieu akamweleza jirani yake kwamba ni unyevunyevu, chuma kizuri kinasikia hali ya hewa.

Hotuba zikaanza, na silaha bado zimesimama. Monsieur Florent akasoma kurasa tatu. Mathieu akapewa maua, akaonyesha kidole. Dakika ishirini zikapita. Upanga namba nne, ambao ni mzito, ulikuwa umeanza kutetemeka kwenye mpini.

Alphonsine alikuwa karibu na mlango wa jikoni na sinia ya bilauri. Alitazama panga, akatazama ukumbi, akaona. Watu wote walikuwa wamekaa isipokuwa yeye, mlinzi, Océane, na papa Mwamba, aliyekuwa ameegemea ukuta na kofia mkononi. Watoto waliolelewa hawakai baba yao akiwa amesimama.

Akaweka sinia chini, akaingia jikoni, akatoka na kiti cha plastiki kilichotumika kufikia kabati la juu.

"Ikala, papa. Bale batoto banachoka."

Papa Mwamba akakaa. Silaha zikajilaza zote kwa pamoja, polepole, na mtu mmoja nyuma akapiga makofi mawili, akaacha.

Hotuba zilipokwisha, Monsieur Florent alikuja moja kwa moja kwa papa Mwamba, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema sasa hana shaka hata punje. Ushahidi umetimia, kuliko alivyotegemea. Ila katalogi imekwisha kupigwa chapa. Vyeti viko kwa watu wa bima, na silaha yenye majina mawili inawatia wasiwasi. Mathieu pia ni rafiki, na tukisema ukweli, makaa aliyanunua Mathieu. Yote hayo aliyasema kwa upole, bila kuuachia mkono wa papa. Mwisho akamwomba, kama haimsumbui, awe anapita nyumbani kila Alhamisi saa nane, maana wageni wangependa kuziona zikisimama. Keki itakuwepo.

Océane hakusikia hayo. Alikuwa amezunguka meza zote, akasoma vibao kimoja kimoja, arobaini na tatu, Mathieu baada ya Mathieu. Alirudi, akatoa muziki sikioni.

"Papa. Donc sasa tuko batoto quarante-quatre, arobaini na nne?"

"Weye njo wa kwanza. Bale banakufuata."

Océane akafikiri kidogo. "Bon," akasema. "Basi ni miye peke njo sina jina ya Mathieu."

Papa Mwamba alicheka mpaka kiti cha plastiki kikalia. Mezani marungu nayo yalitikisika kidogo kidogo, kwa adabu.

Mwezi wa kumi na mbili aliweka nyundo chini. Mathieu alipata kijana mwingine, kutoka Bujumbura, na hakumwambia majina ya wateja. Katalogi ilichapwa tena mwaka huu. Chini ya jina la Mathieu wameongeza neno moja: Zinasimama. Zinasimama kwa ajili ya nani, haikuandikwa. Mathieu anapokuja kunywa kahawa hazisimami, na yeye husema leo hewa ni kavu.

Alphonsine anaendelea na kazi yake. Kwa ushauri wa papa alijitambulisha kwa kila moja, namba kwa namba, kwamba yeye ni Alphonsine na ndiye mwenye kuwapaka mafuta. Tangu hapo akiingia zinanyanyua ncha kidogo, kama watu wanaomsalimu shangazi wakiwa bado wanakula. Zinageuka vizuri zenyewe anapotaka kufika upande wa pili, na kazi inakwisha mapema kwa nusu saa.

Kiti cha plastiki sasa kiko nyumbani kwa Monsieur Florent, karibu na dirisha. Saa nane kengele inalia. Alphonsine anaweka kitambaa chini, kwa kuwa huwezi kupaka mafuta kitu kilichosimama. Papa Mwamba anaingia, anawasalimu, anakaa, na silaha zinakaa. Alphonsine anachukua tena kitambaa, anaendelea pale alipoachia, namba kumi na tisa. Akimaliza jambia anafuta pia kibao cha Mathieu, kwa sababu nacho kinashika vumbi.