Koti la Liberatus

...na kwa nini atoke Mbeya yote hiyo, siku nzima na kipande juu ya lori, kuja kushonewa nguo Iringa, kama vile huko kwao Ilomba hakuna mafundi, wapo, Evarista anajua wapo, wamejaa kwenye vibaraza vya maduka ya Wahindi, huyu amefuata nini kwangu, alijiuliza huku akizungusha futi kiunoni mwa yule mama, ishirini na nane, akaandika kwa chaki pembeni mwa meza, au ametumwa, ndiyo, ametumwa na wale wa sokoni waliomcheka miaka yote, Evarista mshona matambara, Evarista wa viraka, mpaka bibi harusi mmoja wa Kalenga alipoingia kanisani na gauni lililotoka kwenye mapazia ya Mgiriki mmoja na magunia ya unga, watu wakapanda juu ya mabenchi wamwone vizuri, tangu siku hiyo hawacheki tena, wanachungulia dirishani wajue anaunganishaje, sasa wamemleta mwanamke mwenye sauti laini... "Ndaga, mama," alisema alipoingia, akakunja magoti kidogo kama wafanyavyo Wanyakyusa, "mimi naitwa Damari," heshima nyingi, mno, mtu asiye na jambo haheshimu hivyo, akaweka furushi mezani, akafungua fundo polepole, na hapo ndipo mambo ya mafundi wa sokoni yalipoisha kichwani mwa Evarista, kwa sababu ndani ya furushi kulikuwa na koti, na koti lile alilishona yeye.

Hakuna la kubishana, Evarista hajawahi kushona nguo mbili zinazofanana, hata akitaka hawezi, kitambaa kikuukuu hakikubali kurudiwa, kila kimoja kimechakaa kwa njia yake, hili nje ni kaki ya askari wa vita vya Hitila, aliinunua mnadani ikiwa na tundu begani, ndani ni vipande kumi na tisa, kaniki ya mama yake mzazi, marekani ya gunia yenye herufi za buluu zilizofifia, ukingo wa kitambaa cha altare ambao masista walikuwa wanautupa, vyote vimeshikwa kwa ule mshono wake unaokwenda kama nyayo za kuku, alilishona mwezi mzima mwaka elfu moja mia tisa hamsini na moja, kwa mtu mmoja tu duniani, mumewe Liberatus, aliyelivaa asubuhi moja akasema anakwenda Chunya kutafuta dhahabu, miezi sita tu Evarista, sita, na leo ni mwaka wa sita... "Nataka livunjwe," yule mama alikuwa anasema juu ya kichwa chake, "unishonee gauni, vile vya ndani vitoke nje vionekane," na Evarista akasema ndiyo, akashika futi, kwa kuwa mikono ilihitaji kitu cha kushika. Umelipata wapi, mwizi wewe, umenunua kwa nani, au mlimpiga huko machimboni mkamvua, watu wanauana Chunya kwa punje ya dhahabu, lakini kiwiko, kiwiko cha kulia kimetiwa kiraka, uzi mweusi juu ya kaki, mishono mikubwa ya mtu asiyejua kushona ila amejitahidi, amerudia mara mbili ili kisifumuke, mwizi harudii mara mbili, hiyo ni kazi ya mke, Bikira Maria, ni mke, wa kumshonea kiwiko, wa kumpikia, mnene na mwenye kicheko, ndivyo alivyomwona miaka yote Evarista alipolala, mwanamke mnene wa Mbeya anayecheka, na huyu hapa ana kiuno cha ishirini na nane na futi inacheza. "Inua mkono, mama," alisema. Mkono ukainuka, ulikuwa na baridi, Julai hii ya Iringa haimwachi mtu, manyunyu tangu alfajiri, au siyo baridi. Anajua. Hajui. Amekuja kunicheka. Angekuwa anacheka ningesikia.

"Koti ni la nani?" aliuliza, kama mtu anayeuliza bei ya vitumbua. "La mume wangu," Damari alisema, "amefariki mwezi wa nne, kifua, vumbi la kule chini," na Evarista akaandika namba mezani, namba gani, hakuona, amefariki, aliandika tena juu yake, mwezi wa nne, mwezi wa nne mimi nilikuwa nafanya nini, nilikuwa natia rangi magunia, nilikuwa naimba labda, hakuna chochote kilichodondoka ndani ya nyumba, hakuna mbwa aliyelia, mtu anakufa na sufuria yangu inachemka vilevile... usiamini, Evarista, huyu anaweza kusema lolote, mtu akitaka mwanamume asitafutwe anasema amekufa, labda yuko Ilomba sasa hivi amekaa mlangoni anaota jua, wamepanga wote wawili, nenda kamwambie nimekufa aache kuningoja. "Pole," alisema. "Alikuwa mtu wa wapi?" "Wa huku huku, Kilolo. Tulipooana aliniambia hana mtu, mkewe alikufa kwa uzazi." Futi ikasimama. Kwa uzazi. Aliyekufa ni mtoto wetu wa siku mbili, Liberatus, hata jina halikukaa vizuri mdomoni, wewe ndiye uliyetengeneza kisanduku kwa mbao za kasha la sabuni, wewe ndiye uliyekibeba kwapani ukakataa kusaidiwa, mimi nilikuwa nimelala nimeelekea ukutani, wiki ngapi, uliniletea uji nikautazama, uliongea sikujibu, hata nilipoinuka nilikwenda moja kwa moja kwenye matambara nikaanza koti hili bila kukutazama, nikakupima kwa kukumbuka... sasa ndivyo ulivyosema, kwamba nilikufa, ulimwambia mwanamke mwingine nilikufa, mwongo, mwongo mkubwa, lakini hakusimama kumwambia hivyo yule mama, kwa sababu ndani ya hasira kulikuwa na kitu kidogo kigumu kama mbegu, na alipokigusa akaona, labda Liberatus hakuona ni uongo, labda kwake yule aliyeelekea ukutani alikwisha kufa.

Na huyu je? Evarista aliinua macho kwa mara ya kwanza, akautafuta uso wake apate kumkamata, na Damari alikuwa hamtazami, alikuwa anatazama ukuta, zile nguo sita zilizotundikwa, joho la blanketi la jeshi, sketi ya vipande vya khanga, zote na mshono uleule wa nyayo za kuku, macho yake yalikuwa yanaufuata mshono huo nguo hadi nguo. Tangu lini anatazama hapo? Tangu aingie. Basi alijua tangu aingie, na ametulia anapimwa, mwanamke gani huyu. "Mama," Damari alisema kuuambia ukuta, "siku ya mwisho alinishika mkono akaniambia, yule mke yu hai, anashona Iringa, nenda ukamwambie. Nikasema ni homa. Miezi mitatu nasema ni homa. Juzi nikaliangalia koti, nikasema, mtu aliyeshonewa hivi hawezi kusema hana mtu." Angeweza kulia na hakulia. Sasa ndiyo wakati, Evarista aliwaza, mfukuze, miaka sita umeyaweka akiba matusi, mengine ya Kihehe ambayo hata hatayaelewa, tafuta moja tu... akatafuta, na yote yalikuwa ya yule mnene mwenye kicheko, hakuna lililomtosha huyu, huyu mwembamba aliyedanganywa kama yeye, aliyeosha maiti peke yake Ilomba, aliyepanda lori na furushi kuja kumtafuta mtu atakayemtukana, na hata gauni, sasa aliliona, gauni lilikuwa la kumpa sababu ya kusimama hapa ndani kwa dakika chache bila kulazimika kusema.

Nimefiwa, aliwaza, na neno lilikuwa geni, miaka sita ameitwa aliyeachwa, amejiita hivyo mwenyewe, nimefiwa. Nje manyunyu yaliendelea vilevile juu ya bati. Kazi ilibaki vilevile, kifua bado hakijapimwa, Evarista akapitisha futi mgongoni mwa yule mwanamke, akaikutanisha mbele, akaishika kwa vidole viwili.

"Vuta pumzi, dada," alimwambia, na akangoja.