Ubeti wa Pili wa Mama

Televisheni ilimwibia mama yangu nusu ya wimbo, na mtaa wetu mzima wa Galeshewe ukapiga makofi.

Mama aliutunga wiki ile kaka yangu Tshenolo alipofukiwa mgodini wasimpate. Ubeti wa kwanza unauliza: Bwana, nani atamtoa mwanangu gizani? Wa pili unajibu: Mimi, nimekwisha kumshika mkono. Siku moja kwaya ya kanisa ilitaka kuimba ule wa kwanza tu, kwa haraka. Mama alikuja juu: "Mkiishia hapo mmemwacha mtoto wangu shimoni!"

Halafu watu wa tamthilia ya televisheni wakaja kurekodi kwaya. Wakachukua swali, wakatupa jibu. Kila jioni jambazi la almasi linashuka garini, kwaya inauliza, kisha bastola: paa! Hapo mama alikuwa akipaza sauti, anaimba jibu mwenyewe huku anakoroga uji wa mtama.

"Mama, tusikie basi! Jambazi anaongea!" jirani yetu Seipati, aliyezoea kutazama kwetu, alikuwa akilalamika.

"Aongee. Na mimi naongea na mwanangu."

Walimcheka. Mimi pia wakati mwingine nilitabasamu.

Mama alipofariki, tulimzika Jumamosi. Kwetu wanaume hufukia kwa kupokezana makoleo, na wimbo haukatiki mpaka kaburi lijae. Nikaanzisha wimbo wake. Wanawake wa kanisa, na blauzi zao nyekundu, wakaupokea vizuri hadi nikalia. Walipofika kwenye "gizani" wakanyamaza. Wote. Makoleo yakasimama. Huko nyuma mtu akafanya kwa mdomo, "Paa!" na watu wakaangua kicheko, mama yangu yumo shimoni.

Nikawageukia. "Nani kawaambia umekwisha?"

"Si ndivyo unavyoishia, dada?" Seipati aliuliza.

"Mmeuimba naye miaka yote! Endeleeni!"

Wakatazamana. Walikuwa wameusahau, wanawake wazima, waliomlilia Tshenolo pamoja nasi! Mchungaji akakohoa, akasema tuimbe wimbo mwingine unaojulikana.

"Hapana, Baba Mchungaji. Mama haondoki na swali."

Nikaimba jibu peke yangu, kwa hasira, sauti inakwaruza. Makoleo yakaanza tena, moja moja. Seipati akanisogelea, macho yamelowa, akaninong'oneza:

"Mzuri kweli huo. Ndio wa msimu mpya wa tamthilia?"

Nikaendelea kuimba. Kaburi lilikuwa bado halijajaa, na nikinyamaza mimi hapakuwa na mwingine wa kumtoa Tshenolo gizani.