Hana Mzio

Zilikuwa zimebaki siku nne kabla ya mtihani wa leseni, na Kitinda alikuwa hali akashiba, halali akapata usingizi. Jina hilo alipewa nyumbani kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yake. Chuoni likamfuata, likaganda. Miaka mitano ya udaktari alikuwa ameivuka kwa jasho, lakini bila leseni yote ingebaki hadithi ya kusimulia wageni. Tena mama yake alikwisha kumtangaza mtaa mzima. Majirani walikuwa wakimpigia simu kumweleza habari za migongo yao. Ukitangazwa hivyo halafu ukafeli, utapita njia gani?

Kilichomtia tumbo joto hasa ni mtihani wa vitendo. Unaingia chumbani, unamkuta mgonjwa wa kuigiza na msimamizi mwenye karatasi. Dakika saba zikiisha kengele inalia, unahamia chumba kingine. Kila unachofanya kina alama yake. Usiponawa mikono, alama imekwenda. Usipouliza kama mgonjwa ana mzio, yaani kama kuna dawa inayomdhuru, unaweza kufelishwa papo hapo.

Kwa wiki tatu, basi, yeye na mwenzake wa chumbani walikuwa wakijifua. Huyo mwenzake walikwisha kumbatiza Kengele, kwa sababu ndiye aliyeshika simu ya kuhesabu dakika, na kwa sababu akiongea hata ghorofa ya chini wanasikia. Mgonjwa wao alikuwa mto uliolazwa kitandani. Mto haujibu, kwa hiyo Kitinda alijiuliza na kujijibu mwenyewe, mbio mbio.

Siku ile, baada ya zamu ya asubuhi wodini, walianza tena.

"Nanawa mikono. Najitambulisha. Namuuliza jina na umri. Namuuliza kama ana mzio wa dawa yoyote. Hana. Namuuliza..."

"Endelea, dakika zinakwenda," Kengele alisema. "Mbona umeganda?"

Kitinda alikuwa akiutazama mto, lakini aliyemwona ni fundi cherehani wa kitanda cha tatu, mzee aliyelazwa asubuhi ile na mguu uliovimba, unaotoa usaha. Yeye ndiye aliyempokea na kumwandikia faili. Alikumbuka vizuri alivyoandika "Hana mzio". Alichotafuta kichwani asikione ni mdomo wa mzee ukilijibu swali hilo.

"Sikumuuliza," alisema.

"Nani? Mto?"

"Fundi! Niliandika hana mzio, na sikumuuliza. Nilisema moyoni tu, kama tunavyosema hapa."

Kengele alizima simu. "Ameandikiwa nini?"

"Penisilini. Ya mshipa. Saa nane."

Ilikuwa saa nane kasorobo.

Kitinda alitoka na ndala. Njia ya kutoka bwenini hadi wodini huitembea kwa dakika kumi. Siku ile hakujua aliimalizaje. Kichwani mlikuwa na picha moja tu, ya mzee akitapatapa kutafuta hewa. Ilikuwapo na hofu ya pili, na tusimfiche: fomu yake ya mtihani ilikuwa ikingoja sahihi mezani kwa daktari bingwa wa wodi, mama waliyemwita Bi Wembe, na ilitakiwa ofisi ya mitihani kabla ya saa tisa. Mwaka uliopita Bi Wembe alimnyima sahihi kijana aliyeandika presha ambayo hakuipima. Kitinda aliomba, huku akikimbia, amkute mzee mzima na asiwepo wa kumuuliza lolote.

Alimkuta muuguzi ameshachomeka bomba la sindano kwenye mrija wa mkononi.

"Sista, subiri!"

Wodi nzima iligeuka. Kitinda aliinama kwa fundi, anahema. "Baba, kuna dawa yoyote iliyowahi kukudhuru? Kukuvimbisha? Kukubana pumzi?"

Fundi alifikiri. "Kinachonibana pumzi mimi ni wateja tu, mwanangu. Penisilini nimepigwa tangu utotoni."

"Si ndivyo ulivyoandika?" muuguzi alisema, huku akisukuma dawa taratibu. "Umekuja mbio na ndala kunisomea nilichokwisha kukisoma?"

Kitinda alicheka hadi machozi yakamlenga. Aliyeandikwa hana, kweli hana; nani angejua? Alikuwa amekwisha kugeuka aondoke alipoyaona mafaili mengine mezani, yamepangwa kwa namba za vitanda. Mengi ni yeye aliyeyaandika. Alijaribu kumkumbuka mgonjwa mmoja mmoja akimjibu swali lile. Wote walimjibu "hana", na wote kwa sauti yake mwenyewe.

"Wewe, njoo," Bi Wembe alimwita kutoka ofisini. Fomu ilikuwa mbele yake na kalamu iko wazi. "Nisaini hii ukasome. Unaonekana kama umefufuka."

Angenyamaza, jambo lingeishia hapo. Alitaka kunyamaza.

"Daktari, usisaini kwanza."

Alieleza yote, mto, fundi na mafaili mengine. Bi Wembe alimsikiliza bila kumkatiza.

"Wangapi?"

"Sijui."

Bi Wembe alifunga kalamu. Hakufoka, na afadhali angefoka. "Mafaili yale pale. Mmoja mmoja, kwa mdomo wako na kwa masikio yako. Ukimaliza, njoo na fomu yako tuzungumze."

"Ofisi inafunga saa tisa, Daktari."

"Najua."

Saa tisa ikimpita, angengoja mtihani wa baada ya miezi sita, na mama yake angewaambia nini majirani? Alianza na kitanda cha kwanza. Hana. Cha pili, hana. Wengine walitaka kueleza habari za wajomba na mashemeji, naye alisikiliza, jicho moja ukutani kwenye saa. Cha nne, hana. Cha tano, hana. Cha sita, hana. Moyo ulianza kutulia, akaona huenda akawahi.

Kwenye kitanda cha saba alilala mwalimu mstaafu, bibi mpole aliyekuwa akingoja upasuaji wa kesho.

"Ipo, mwanangu," mwalimu alisema. "Hiyo hiyo penisilini. Nilichomwa nilipojifungua mtoto wa pili, ulimi ukavimba nikashindwa hata kuita mtu. Walikwisha kunikatia tamaa."

Kitinda alilifungua faili. "Hana mzio," ulisema mwandiko wake, umenyooka, safi. Na kwenye karatasi ya dawa: penisilini, kesho saa moja asubuhi, kabla ya kuingia chumba cha upasuaji.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Hukuniuliza. Nikajua madaktari mna njia zenu za kujua."

Aliyapiga mstari maneno yake, akaandika mapya kwa wino mwekundu, akamwita muuguzi akayaone kwa macho yake. Akaifuta ile dawa. Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika tano kufika saa tisa, na vitanda kumi na vitatu vilikuwa bado.

"Usilie, daktari," mwalimu alimwambia. "Si umeshauliza?"

"Mimi si daktari bado, mama," Kitinda alisema, akachukua faili la kitanda cha nane.