Betri Nane Zenye Joto

Mwalimu wa sayansi alikuwa na ufunguo mmoja tu wa kabati la vifaa, na ufunguo huo aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Alioga nao, akalala nao. Wanafunzi wakambatiza Funguo, jina la kuitwa kisogoni. Alilijua, na wala halikumkera. Kilichomkera ni betri.

Jamani, betri nane! Mpya kabisa. Siku ya kwanza darasa zima liliwashia balbu ndogo, watoto wakashangilia kama wamefunga goli. Kipindi kilichofuata, zote nane kimya. Mwalimu mkuu akanung'unika weee, akatoa nyingine nane. Nazo zikafa vilevile. Na kabati limefungwa, kufuli halina hata mkwaruzo.

"Humu mna mkono mrefu," Mwalimu alijisemea, na macho yake yakatua kwa binti mmoja aliyeitwa Redio.

Hakuitwa hivyo bure. Baba yake alikuwa fundi redio, na fundi redio anahitaji nini kila siku kama si betri? Halafu huyo binti alikuwa na mambo yake. Wenzake wakikimbilia nje wakati wa mapumziko, yeye yumo ndani, anazungushia msumari waya wa shaba, anakadiria pini ambazo msumari utanasa ukipata umeme. Mizunguko ishirini, pini nne. Mizunguko arobaini, pini saba. Mtoto mwingine angesifiwa. Redio alikuwa na damu ya kunguni kwa Mwalimu, basi kila alichokishika kilionekana ni matayarisho ya wizi.

Wakati wakisubiri betri nyingine walisoma sumaku tupu, na hata hapo Mwalimu hakulegeza. Kila kipindi kikiisha, Redio, yeye peke yake, alitakiwa aje mbele na akunjue viganja vyote viwili, ionekane kwamba haondoki na kitu. Mara ya kwanza wenzake walicheka. Mara ya tatu hawakucheka tena, walianza kuficha kalamu zao akipita.

Seti ya tatu ilipokuja, Mwalimu aliitia kila betri alama ya wino mwekundu. Zikibadilishwa, atajua. Siku hiyo walichunguza ni vitu gani vinapitisha umeme. Walijaribu kijiko, kifutio, kipande cha mbao, na vipande vya foili, ile karatasi ya kung'aa ya kufungia chakula, alivyovikata Mwalimu mwenyewe. Balbu ikawaka. "FOILI INAPITISHA," akaandika ubaoni, akapiga na mstari chini yake.

Kengele ilipolia, Mwalimu alizihifadhi betri kama kawaida yake. Kila moja aliiviringisha kwenye foili, akaibana ncha zote mbili kama peremende, unyevu usipenye. Mama yake alikuwa akifunga hivyo kila kitu nyumbani kwao, na yeye alirithi. Akafunga kabati, akaitwa ofisini. Aliporudi baada ya robo saa, nani yuko karibu na kabati? Redio, na msumari wake!

Mwalimu alifungua kufuli mbio mbio. Vifurushi vyote nane vipo. Akakishika kimoja. Kina joto! Akashika kingine. Joto! Kama vimetoka sasa hivi mfukoni mwa mtu.

"Umezishika hizi!"

"Sijazishika, Mwalimu."

"Basi joto hili limetoka wapi?"

Binti alivitazama vile vifurushi kwa makini. "Hata mimi nataka kujua."

Loo, macho makavu kiasi hicho! Mwalimu akaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, naye hakuzunguka: baba yake aitwe kesho, na ikithibitika ni mwizi, binti hana shule hapa.

Kesho yake fundi redio alifika darasani na ovaroli lenye matundu ya kuungua, kipima umeme chake mkononi. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni. Mwalimu alifungua foili moja baada ya nyingine, na fundi akapima betri zote nane. Mshale haukutikisika.

"Zimekufa zote," alisema.

"Na alama zangu zipo! Alizitoa, mkazitumia, akazirudisha!"

"Mwalimu, kwangu natumia umeme wa ukutani." Fundi aliigeuza karatasi moja iliyokunjamana. "Zilikuwa zinakaa humu?"

"Ndiyo. Kuzuia unyevu."

Fundi alitoa betri mpya mfukoni, akampa binti yake. Redio aliitazama, akautazama ubao, akachukua ile foili. Akaiviringisha betri vilevile, akabana ncha zote mbili, akaiweka kwenye kiganja cha Mwalimu.

"Subiri kidogo, Mwalimu."

Ilikuwa baridi. Kisha ikawa vuguvugu. Kisha Mwalimu akaibwaga mezani na kupuliza vidole. Redio akaifungua haraka.

"Ndiyo nini sasa?" mwalimu mkuu aliuliza kule mlangoni.

Hakuwa ameelewa. Mwalimu angeweza kusema watachunguza zaidi, mambo yakaishia hapo. Alimtazama binti.

"Mwizi ni mimi," alisema. "Foili inagusa ncha zote mbili, umeme unazunguka humo humo mpaka unaisha. Nimeziua mwenyewe, zote. Redio hakugusa kitu. Nimemsingizia mtoto wa watu. Nisamehe, mwanangu."

"Haya, Mwalimu," Redio alijibu polepole.

Fundi aliiacha ile betri yake, akaondoka na mwalimu mkuu. Kipindi kikaendelea. Redio alizungusha waya mara themanini, msumari ukanasa pini kumi na tatu, na darasa likapiga makofi. Mwalimu naye akapiga. Alianza hata kupumua vizuri.

Kengele ikalia, watoto wakatoka mbio. Redio aliweka msumari mezani, akaweka waya, akaweka betri. Kisha akaja mbele ya Mwalimu, akakunjua viganja vyote viwili, akasubiri aambiwe aende.