Osundwa Hatoki Kitabuni

Wanjala alinipigia simu Ijumaa asubuhi, nikiwa masjala kati ya mafaili ya watu waliostaafu, akaniamuru nimfute ndugu yake.

"Toa jina ya Osundwa kwa hiyo kitabu yako," alisema. "Kesho Mama anakuja huko kwako. Ukikataa na yeye, Jumatatu mimi nakuja na wazee."

"Osundwa hatoki," nilimjibu, nikakata simu. Kwa hasira nililirudisha faili la marehemu mmoja kwenye rafu ya walio hai.

Pale ofisini hakuna aliyejua kwamba ninaandika. Kwa miaka saba nimeandika hadithi za mapenzi kati ya walio hai na waliokufa, kwa simu, saa ya chakula cha mchana, andazi mkono mmoja. Juu ya jalada jina la mwandishi ni Bi. Malaika. Wachapishaji wa Nairobi niliowaandikia walinyamaza, isipokuwa mmoja aliyenijibu kwamba msomaji wa Kiswahili hataki mzimu unaobusu. Nilicheka, kwa sababu huyo bwana hajawahi kufika Kakamega. Basi nikajichapishia mwenyewe. Barasa, mwenye duka la kuchapa karibu na stendi, hunipangia kurasa na kuzitia gundi, nami huvipeleka vitabu kwa mfuko hadi kwa wauguzi, walimu, wanafunzi wa chuo, na muuza mitumba mmoja wa Ekero ambaye husoma ukurasa wa mwisho kwanza ndipo anunue. Wanaume huvicheka hadharani, kisha huviazima kwa wake zao.

Wasomaji huniuliza kwa ujumbe, Bi. Malaika, haya mambo unayatoa wapi? Huwa nawadanganya kwamba naota.

Ukweli ni kwamba Osundwa alikuwa mchumba wangu. Alikuwa fundi wa trekta kule Lumakanda, mwenye kovu kidevuni na maringo ya mtu anayejua injini. Radi ilimpiga shambani kwao mahindi yakiwa magotini, wiki tatu kabla ya wazee wake kuja kwetu Butali na mahari. Ng'ombe hawakuwa wametoka zizini, kwa hiyo mimi sikuwa mtu. Mazishini nilikaa kwenye hema la wageni. Ikasomwa tanzia: mama, ndugu, shangazi, mwajiri, hata chama cha mpira alichocheza zamani. Mimi sikutajwa. Nilikasirika mpaka machozi yakagoma. Juma lililofuata nilianza hadithi yangu ya kwanza, na kufikia ukurasa wa nne marehemu alikuwa amesharudi na kumbusu mtu.

Katika vitabu vinne vya mwanzo niliwapa marehemu wangu majina ya kubuni. Hiki cha tano nilichoka kubuni. Niliandika Osundwa, wa Lumakanda, fundi wa trekta, na kovu lake nikaliweka pale pale. Sura tatu za kwanza nikazituma kwenye makundi ya WhatsApp ili kuwaonjesha wasomaji. Hazikuchukua siku mbili kufika kwa akina Wanjala.

Hapo ndipo nilipokosea, na si kwamba sikujua. Kwetu mtoto mchanga akilia bila kukoma, bibi humtajia majina ya marehemu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, mpaka anyamaze. Yule ambaye jina lake limemnyamazisha ndiye anayetaka kuitwa. Lakini aliyekufa bila mtoto hatajwi, jina lake hukunjwa na kuwekwa pamoja na nguo zake. Sasa mke wa Wanjala alikuwa amejifungua mvulana, na mvulana alikuwa amelia wiki mbili mfululizo. Wametaja babu wote hadi wakaishiwa. Halafu wanasikia kuna mwanamke huko mjini anamwita Osundwa kwenye mamia ya simu kwa wakati mmoja. Mchawi wao walikuwa wamempata.

Mama yake Osundwa alifika kwangu Amalemba Jumamosi, saa tano. Hakubeba parachichi wala yai. Mama wa kwetu akija mikono mitupu, ujue amebeba maneno.

"Mulembe, Mama."

"Mulembe." Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeko kwa chifu.

Sikumpa nafasi. "Mama, huyo mtoto mmempeleka kliniki?"

"Tulimpeleka juzi. Ni sikio ilikuwa inauma. Alipatiwa dawa, amenyamaza."

"Basi mimi nina kosa gani?"

"Hayo muulize Wanjala," alisema. "Mimi nimekuja kusikia. Soma."

Nikatoa karatasi alizonipa Barasa nizipitie kabla ya kuchapa. Sauti yangu ilianza vibaya, nikakohoa, nikarudia. Nilimsomea sura ya pili, ambamo Osundwa anarudi mchana wa mvua na kumkuta Natasha, msichana aliyemwacha alipokufa, akipika. Natasha hapigi kelele. Anampakulia ugali wetu, obusuma, na kuku, ingokho, kisha anamwekea firigisi juu kabisa, kama mwanamume wa nyumba, naye Osundwa anaila polepole huku akimwangalia. Ni sura ninayoipenda sana. Wauguzi wawili waliniandikia kwamba iliwaliza zamu nzima.

Mama aliinua mkono. "Hapo umedanganya."

"Wapi?"

"Osundwa hakuwa anakulanga firigisi. Tangu baba yao afe tulikuwa tunamwekea, sababu yeye ndiye mkubwa. Alikuwa anafichanga chini ya obusuma. Watu wakishatoka, anakuja nayo jikoni. Ananiambia, Mama, hii imebaki."

Nilitazama karatasi, na maneno hayakuonekana tena. Kwangu pia alikuwa akiisukuma upande wangu wa sahani, akisema ameshiba. Kwa miaka mitatu niliila mimi, nikidhani haipendi. Nililia mbele ya yule mama bila aibu yoyote, na yeye akanisubiri, hakunibembeleza. Nilipomaliza nilichukua kalamu, nikaikata aya nzima na kuiandika upya juu ya goti, Osundwa akiisukuma ile firigisi kwa Natasha na kusema uongo kwamba ameshiba. Nikamsomea tena.

"Sasa huyo ni yeye," alisema.

Nikaona nimwambie wazi, kabla ujasiri haujanitoka. "Mama, nakuheshimu, lakini jina sitalitoa. Wanjala alete wazee, alete na chifu. Mlimzika mimi nikiwa mgeni. Nikimwita jina lingine humu ndani, nitakuwa nimemzika mara ya pili, tena kwa mkono wangu."

Nje jirani alikuwa akipiga zulia.

"Nani amesema mimi nataka litoke?" aliuliza. "Yule mtoto hatutamwita Osundwa. Wazee wamekataa, na mimi siwezi kupigana na wazee. Mimi nikifa, ni nani atamtajanga? Wanjala? Wanjala anaogopa hata picha yake, aliitoa ukutani. Nilipoambiwa kuna mtu anaita mtoto wangu kwa simu, kila mtu alikasirika. Mimi nilienda nyuma ya nyumba nikafurahi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, na adui ameketi upande wangu.

"Lakini nina neno," aliendelea, na sasa sauti ilikuwa kali. "Huyu Natasha ni nani?"

"Ni mtu wa hadithi tu, Mama."

"Mtoto wangu hakuwa na Natasha. Na huyu Malaika aliyeandika?"

"Ni mimi. Ni jina la vitabu."

"Aha. Mtoto wangu umemtoa mbele ya watu na jina yake, na kazi yake, mpaka na kovu. Wewe umejificha nyuma ya majina mawili." Alinielekezea kidole. "Unalia kwamba siku ile hatukukutaja. Ni kweli, tulikosa, na mimi nilikuwa nimekaa pale nikisikia, nikanyamaza. Lakini hapa kalamu ilikuwa kwa mkono yako. Ni nani alikukataza kujitaja?"

Nilimchukia kwa dakika nzima. Nikataka kumweleza kwamba mimi ni katibu wa kwaya, kwamba mkubwa wetu ofisini ni mzee wa kanisa, kwamba mji huu ni mdogo na mwanamke anayeandika mabusu ya maiti hawezi kukosa jina la utani. Yote yalikuwa kweli. Nilipoyapanga mdomoni yalifanana na uoga, nikayameza.

"Jina lake likae na lako likae kando yake," alisema akiinuka. "Au yatoke yote mawili. Wanjala niachie mimi. Nilimzaa."

Jumatatu nilikuwa dukani kwa Barasa kabla hajamaliza kufungua mlango. Nilimwambia abadilishe Natasha kila alipo, kitabu kizima, aweke Immaculate. Kompyuta ilitafuta na kutuambia yumo mara mia nne na kumi na mbili. Barasa alibonyeza mara moja tu, na mara zote hizo nikawa mimi. Nilipoiona sura ya pili, jina langu likipakua chakula, nilishika meza.

"Na jalada?"

"Andika Immaculate Navalayo. Malaika mwondoe."

Alikiacha kipanya akanigeukia. Barasa ni mzee wa maneno machache, na amechapa vitabu vyangu vyote bila kuuliza lolote. "Ofisini je, watakuonaje?"

"Ofisini wanajua kusoma. Wasome."

Aliandika herufi moja moja, akanionyesha, nikakubali. Mashine ilianza kupata moto. Kisha aliinua karatasi ya kwanza, akaisoma huku midomo ikimchezacheza, akanitazama juu ya miwani.

"Sasa, dada Immaculate, huyu Osundwa alikuwa nani wako?"

Kwa miaka saba hakuna aliyekuwa ameniuliza.

"Mume wangu," nilimjibu. "Chapa."