Penina Arudi Kula Mnadani

Watu wa Endamarariek walimjua Penina kwa mambo mawili: mbaazi zake, zilizokuwa zikikomaa kabla ya za wengine wote, na namna alivyokula mnadani. Kila tarehe saba, watu wakimiminika uwanjani Karatu kununua ng'ombe, ndoo na mitumba, yeye alikwenda kula. Alianza na sambusa, akapitia mihogo ya kukaanga, akaketi kwa Clemensi mchoma nyama, akamalizia na muwa alioumenya kwa meno yake mwenyewe. Hakuwa mlafi. Alikula taratibu, amefumba jicho moja, kama mtu anayesikiliza habari njema redioni. Wachuuzi walimpenda, maana aliyemwona Penina akila sambusa hakuweza kupita bila kununua yake.

Mwezi wa tatu, mvua zimekolea, alikuwa akitoka Mang'ola kwa bodaboda na kiroba cha vitunguu mapajani. Pikipiki ikateleza kwenye tope. Dereva alitoka na michubuko tu. Penina aliangukia kidevu, taya likavunjika mahali pawili.

Hospitali walimfunga meno ya juu na ya chini kwa waya. Wiki sita alikunywa kwa mrija: uji wa ulezi asubuhi, supu iliyochujwa mchana, uji tena jioni. Magauni yakaanza kumpwaya. Waya zilipotolewa akadhani yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Mdomo ulikataa kufunguka. Ulipitisha ncha ya kijiko, basi.

"Taya limeunga vizuri," daktari alimwambia. "Misuli ndiyo imekaza. Mazoezi yanaweza kuilegeza, lakini sitaki kukudanganya, mama. Huenda ukabaki na vyakula laini."

Akampa vijiti bapa vya mbao, vile wanavyobania ulimi wa mtoto wakimtazama koo. Kazi ilikuwa kuvipanga pamoja na kuvisukumiza katikati ya meno, mara tano kwa siku, akiongeza kimoja kila mdomo ulipokubali. Siku ya kwanza viliingia vinne, na machozi yakamtoka. Binti yake Lilian, aliyekuwa amefunga kibanda chake cha cherehani mjini na kurudi nyumbani kumuuguza, alishindwa kutazama, akatoka nje.

Penina hakuacha. Akipepeta mahindi, vijiti mdomoni. Akimfuata ndama, vijiti mdomoni. Majirani walimsalimia njiani naye akawajibu kwa mkono. Mwezi wa saba vilifika kumi na viwili, vikakwama hapo wiki tatu nzima, mpaka siku moja akavitupa uani kwa hasira. Kuku wakavikimbilia wakidhani wametupiwa chakula. Penina akacheka, na kicheko chenyewe kikamuuma. Akaviokota, akaviosha, akaanza upya. Mwisho wa mwezi wa nane alisukuma cha kumi na nane, kikaingia.

"Lilian," akasema, "tarehe saba tunakwenda mnadani."

"Kufanya nini, mama?"

"Kula."

Siku hiyo jua liliwaka, na moshi wa nyama uliwapokea barabarani, bado hawajauona uwanja. Lilian alibeba chupa ya uji kama tahadhari.

"Mama, tuanze na viazi vya kuchemsha," alisema. "Kidogo kidogo. Taya lizoee."

Alipogeuka, mama yake hakuwepo. Alikuwa ameshafika kwenye karai la sambusa, anachagua. Akachukua moja ya moto, akaigeuza mkononi, akaing'ata pembeni. Ganda likapasuka, *krash*, na sauti ile ikamjaa kichwani. Miezi sita hakuwa amesikia chakula kikilia ndani ya kichwa chake. Akafumba jicho moja. Pilipili ikamwasha, kitunguu kikamjia kitamu nyuma yake, na mafuta yakamtiririkia kidoleni. Hakuyafuta, aliyalamba.

"Pakine!"

Sauti ilitoka upande wa ng'ombe. Alikuwa Naishorua, mama wa Kimaasai anayeteremka kutoka Ngorongoro kila mnada. Zamani kidogo, ukame ulipomwulia mifugo, Penina alimpa mbuzi jike mwenye mimba; tangu siku ile wakaacha kuitana kwa majina, wakaitana Pakine, kama Wamaasai wanavyomwita mtu waliyepeana naye mbuzi.

Walikumbatiana mpaka shanga zikalia. Kisha Naishorua akamshika mabega, akamsogeza mbali kidogo.

"Fungua mdomo nione."

Penina akafungua, pale pale katikati ya watu, kama ng'ombe anayekaguliwa na mnunuzi. Naishorua akainama, akachungulia huku na huku.

"Meno iko yote," akatangaza. "Twende kwa Clemensi."

"Wewe si umekula kwake miezi yote hii?"

"Nile na nani? Nilikuwa napita mbali, nimeziba pua."

Penina alimshika mkono, wakaenda.

Clemensi alipowaona aliweka kisu chini. "Mama Lilian! Karibu sana. Wewe leo nitakukatia maini, nikuchanachanie yawe laini kabisa."

Watu kwenye mabenchi wakageuka.

"Clemensi, nimechujiwa chakula tangu masika," Penina akasema. "Nipe mbavu. Usikate."

Mchoma nyama akamtazama, akamtazama Lilian, aliyekuwa akitikisa kichwa, kisha akautoa motoni upande mzima wa mbavu za mbuzi. Akauweka kwenye ubao na chumvi, pilipili na ndizi za kuchoma.

Penina aliushika ubavu mmoja kwa mikono miwili. Sasa ndipo hofu ikamjia. Aling'ata, taya likatetemeka, nyama haikuachia. Maumivu yale ya zamani yakamchoma karibu na sikio, na kwa muda mfupi akaona uji, mrija, na miaka yote iliyobaki. Akavuta pumzi kwa pua. Akauhamishia upande wa kulia, akakaza meno, akavuta.

*Ta!*

Watu benchini wakaacha kutafuna. Lilian akaruka. "Mama!" Clemensi akajishika kichwa.

Penina alikuwa ameweka kiganja shavuni, macho yamefumbwa. Akapapasa taya polepole, kutoka sikioni hadi kidevuni. Akatafuna mara moja. Akatafuna tena. Kisha akatoa kitu mdomoni, akakilaza juu ya ubao: kipande cha mfupa.

"Ni wa mbuzi," akasema.

Kelele zilizopigwa pale ziliwageuza hata waliokuwa wakipatana bei ya ng'ombe. Naishorua alipiga vigelegele, mabega yakicheza. Lilian alicheka na kulia pamoja, na alipomaliza alijikuta na ubavu mkononi. Penina aliendelea kula. Kulikuwa na moshi ndani ya nyama ile, na chumvi, na mafuta yaliyoungua pembeni yakawa kama ganda. Machozi yakamshuka hadi kidevuni, akayaacha yashuke. Walimaliza ubao wa kwanza, wakaagiza wa pili.

Kisha akaenda kwenye miwa. Aliuchagua mgumu, mwekundu, akakataa kisu cha muuzaji. Akaumenya kwa meno kuanzia juu, ganda likachanika ukanda mrefu mpaka likagusa vumbi, na watoto na wazee waliokuwa wamemfuata kutoka kwa Clemensi wakashangilia kama timu yao imefunga bao. Muuzaji alisahau kudai hela; wengine walikuwa wamekwisha kumzunguka wakitaka wa kwao.

"Umeshiba sasa, mama?" Lilian akauliza.

Penina akatema kapi, akajifuta mdomo kwa kanga, akatupa macho mwisho wa uwanja.

"Mahindi ya kuchoma," akasema, "mwaka huu wanauzia upande gani?"